MJADALA: Krimu ya ganzi kabla ya sindano, kaunti inunue au tunadekeza watoto?

MamaSwabra_Langoni
Assalam aleikum wana Lamu. Nina binti wa miaka minne ana sikoseli, ule ugonjwa wa damu, kwa hiyo kutolewa damu kwake si jambo la mara moja kwa mwaka. Akiona tu koti jeupe analia mpaka anatapika, na anashikwa na watu wanne kama mbuzi wa Idi. Wifi yangu kaniletea tyubu ya krimu ya ganzi kutoka Dubai, unampaka mkononi, unangoja, sindano hasikii. Jana nikaenda nayo, nesi akaniambia hapa hatuna muda wa mambo ya Kizungu. Jina la hospitali silitaji. Swali langu, kaunti inunue hizi krimu na vile vibandiko vya ganzi viwekwe kwa watoto wote au mimi ndiye nilokosea?

Kasuku_wa_Mkomani
Pole kwa mtoto. Lakini tusidanganyane, hiki kizazi kimelelewa kwa haluwa. Sisi tulitiwa jandoni kavukavu, ngariba mmoja wembe mmoja, na hakuna aliyelia. Kesho mtataka ganzi ya kukata kucha.

BintiShela
Hakuna aliyelia?? Babangu alitahiriwa enzi hizo hizo na anasema ngoma zilikuwa zikipigwa mlangoni makusudi, ili mama zenu wasisikie. Na huo wembe mmoja kwa watoto wote ndio unajisifia, mjomba?

Kasuku_wa_Mkomani
Usinitajie babako nami nisikutajie babangu. Kama yeye alilia, hilo la nyumbani kwenu.

BintiShela
Alilia, akakua, akazaa, akanisomesha. Wewe ambaye hukulia mbona ukipata malaria mtaa mzima tunajua?

Malindi_Boy_Maweni
😂😂😂 mjomba kimya hapo. Lakini serious, mimi nilianguka na boda pale karibu na daraja la Sabaki nikashonwa nyuzi saba na ganzi nilipigwa, bure kabisa. Sasa huyo mama anasema ganzi hakuna hospitali, ipi hiyo?

Sista_zamu_ya_usiku
Wewe ulipigwa lidokeini ya sindano, ile ya kushonea, hiyo ipo. Anayoisema mama ni ya kupaka juu ya ngozi isiyo na kidonda, na kidonda kilicho wazi hakipakwi. Na kabla hamjaendelea kututukana wauguzi ngojeni niwaeleze. Ile ya kawaida ina lidokeini asilimia 2.5 na prilokeini asilimia 2.5, unaiweka kwa wingi bila kusugua, unafunika na plasta ya plastiki, unangoja dakika 60 kamili ndipo inaingia kama milimita 3, masaa mawili milimita 5, ukipaka dakika kumi ukaita nesi umepaka mafuta ya nywele tu. Tena ngozi inakuwa nyeupe na mishipa inajikunja, mtoto ambaye mshipa wake ni wa kutafuta kwa tochi unazidi kujificha, ndiyo maana wengine wetu hatuipendi, si roho mbaya. Na vibandiko si vya aina moja, vile vya lidokeini asilimia 5 ni vya mtu mzima anayeumwa baada ya mkanda wa jeshi, mtoto usimbandike ukadhani ni plasta.

Fumo_asiye_na_kiti
Mimi nasikia Marekani wanawake kibao walikufa kwa hiyo krimu, wakaipiga marufuku.

Sista_zamu_ya_usiku
Walikuwa wawili, na haikupigwa marufuku. Walitaka kunyolewa nywele za miguu kwa leza, wakapewa krimu kali ya kuchanganywa, ya lidokeini na tetrakeini, wakajipaka miguu mizima wakajizungushia plastiki, dawa yote ikaingia kwenye damu. Mamlaka ya dawa ya huko ikatoa onyo 2007. Hii yetu ya kawaida, mtoto wa mwaka mmoja hadi sita mwenye kilo zaidi ya kumi mwisho wake ni gramu 10 na masaa manne. Kichanga cha chini ya miezi mitatu ni gramu moja, saa moja, basi.

MamaSwabra_Langoni
Dada shukran, Mungu akulipe. Na kwa mwenye sikoseli haina neno?

Sista_zamu_ya_usiku
Hapo muulize daktari kwanza kama mtoto amepimwa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe za damu, maana huku Pwani waliopungukiwa nacho wapo, na prilokeini inaweza kuigeuza damu ishindwe kubeba oksijeni, mtoto midomo inakuwa ya buluu. Aliyepungukiwa na G6PD na kichanga ndio wa kuangaliwa zaidi.

MamaSwabra_Langoni
Sasa si hili ndilo ningeambiwa jana? Na muda wenyewe jamani, tulifika saa moja asubuhi tukaitwa saa nne. Masaa matatu kwenye benchi. Hata mara tatu angepakwa!

Nahodha_Mstaafu
Wanangu, mimi sina elimu ya dawa. Punda wangu alikatwa na mabati paja, nikampeleka kliniki ya punda pale mbele ya bahari, wakamdunga ganzi wakamshona katulia tuli. Sikutoa shilingi. Yaani katika muyi huu punda ana ganzi na mtoto hana.

Kasuku_wa_Mkomani
Mzee usituletee punda. Wale wanalipiwa na Waingereza, tangu miaka ya 1980.

Mchukuzi_wa_Kikowani
Kasuku, punda amekukosea nini? Saruji ya nyumba yako ilipandishwa na nani, helikopta? Mimi nina punda wanne nalisha watoto sita kwa migongo yao, kwa hiyo chunga mdomo.

Kasuku_wa_Mkomani
Sijamtukana punda! Nimesema gharama!

Malindi_Boy_Maweni
Nyinyi Lamu punda ana daktari, huku kwetu anavuta mkokoteni wa mitungi ya maji jua kali na bakora juu. Nahamia Lamu nikiwa punda.

BintiShela
Utakubaliwa, sura unayo 😂

Mchukuzi_wa_Kikowani
Na wanaowapakia mawe mifuko sita sita niwajua kwa majina, nisije nikayataja hapa.

Fumo_asiye_na_kiti
Taja!! Yule wa jiwe la Matondoni ni wa kwanza.

Sista_zamu_ya_usiku
Tulikuwa tunaongea watoto jamani. Kuhusu kaunti kununua, WHO 2015 walitoa mwongozo wa uchungu wa chanjo, wakasema krimu zisiingizwe kwenye mpango wa taifa, ni ghali, hazipatikani na zinakula muda. Walichosema ni mtoto apakatwe na mzazi, anayenyonya anyonyeshwe akidungwa, na chanjo inayouma zaidi iwe ya mwisho. Hayo hayana bei. Nami nakiri, kulaza mtoto kitandani na watu wanne juu yake bado tunafanya.

Kasuku_wa_Mkomani
Mwaona? Hata WHO wako upande wangu.

BintiShela
WHO wamesema mtoto apakatwe, wewe umesema haluwa. Na hiyo ni chanjo, mtoto wa mama Swabra ni damu kila mara. Soma mjomba.

MamaSwabra_Langoni
Jamani tunarudi Alhamisi. Sijajibiwa la benchi.

Mchukuzi_wa_Kikowani
Dada Alhamisi nikupe punda mpaka mlangoni, sikutozi. Ila Kasuku aombe radhi kwanza.

Nahodha_Mstaafu
Kuna mmoja naye alinipa mafuta ya punda, ati nipake goti. Ina G6PD hiyo?