Sherifu anapigiwa kura? Naomba kueleweshwa, nipo kaunti ya mashambani Kentucky, Marekani

MtuWaKagera:
Wakuu habari zenu. Nimehama Lexington nikaja huku mashambani kufuata kazi ya kiwanda cha kuku, sasa tangu mwaka uanze kila uwanja wa nyumba una bango, fulani kwa usherifu, fulani kwa usherifu, mpaka kwenye uzio wa ng'ombe wameweka. Mimi nimezoea RPC, kamanda wa polisi wa mkoa kule nyumbani, unasikia tu kwenye taarifa ya habari kahamishwa mkoa, hakuna anayekuuliza maoni. Huku jamaa kaja getini wakati wa kubadilishana shifti anagawa kalamu zenye jina lake na kumpa kila mtu mkono! Jirani yangu, mzee mmoja wa hapa hapa, ananiambia yote yanaisha mwezi wa tano, Novemba ni kukamilisha ratiba tu. Hapo ndo nimeachwa. Mimi nimeapa uraia mwaka jana ila kujiandikisha kura bado, mke wangu ni raia siku nyingi na alijiandikisha kule Lexington bila chama. Sasa kura yetu ni ya Mei au ya Novemba? Huyu sherifu anafanya nini hasa, na akiwa wa hovyo nani anamfukuza?

Nyamweya_KY:
Karibu mashambani ndugu yangu. Mzee hajakudanganya. Kentucky sherifu anachaguliwa kila miaka 4, ilikuwa 2018, 2022 na sasa 2026, mchujo wa vyama ni tarehe 19 Mei halafu uchaguzi wenyewe 3 Novemba. Lakini kaunti nyingi za mashambani zina chama kimoja chenye nguvu, siku hizi mara nyingi ni Republican, kwa hiyo wagombea wote wa maana wanajazana upande huo, ni kama tu kwetu ukipata tiketi kwenye ngome ya chama ushaapishwa. Novemba unakuta jina moja peke yake, na aliyeshindwa Mei sheria haimruhusu kurudi Novemba kugombea kiti hicho hicho kivingine.

Na hapa ndo watu wetu wanaachwa kila mara. Mchujo wa Kentucky umefungwa, anayepiga ni aliyeandikishwa kwenye chama hicho tu, na kama ulishajiandikisha na unataka kubadili chama ilibidi ufanye kabla 31 Desemba mwaka uliotangulia. Shemeji kwa sherifu Mei hii hayumo, atapewa karatasi ya nafasi zisizo na chama kama mahakimu, kama zipo kwenu. Wewe ambaye hujawahi kujiandikisha una bahati, ukijiandikisha leo ukachagua chama kabla daftari halijafungwa mwezi wa nne unapiga Mei bila shida. Najua wengi wetu tunaogopa kuandika chama, tunaona ni mambo ya ukada, huku hulipi ada wala hupewi kadi wala hakuna anayekuita mkutanoni, na Novemba unampigia yeyote unayemtaka. Angalia wagombea wamejaa chama gani, andika hicho, basi.

mama_Furaha:
Naongezea kwa kazi zake maana watu wanafikiri ni king'ora na pingu tu. Polisi wa mji anaishia mpaka wa mji, ukikaa nje huko kwenye mashamba ukipiga 911 anayekuja ni depyuti, yaani askari wa sherifu, au polisi wa jimbo. Sherifu ndo anapeleka barua za mahakama, analinda mahakama, anasimamia watu wakitolewa kwenye nyumba, na Kentucky yeye ndo anakusanya kodi ya nyumba na ardhi, ukinunua nyumba bili inakuja kutoka ofisi yake. Lakini jela sio yake! Majimbo mengi sherifu ndo mwenye jela, huku mkuu wa jela anachaguliwa peke yake, yupo kwenye karatasi hiyo hiyo, kwa hiyo ukiwa na malalamiko ya jela usimwendee sherifu.

Akija tena getini na kalamu zake muulize usiku ana madepyuti wangapi barabarani kwa kaunti nzima, muulize mtu asiyejua Kiingereza akipiga simu wanatafsiriwaje, na muulize kama ofisi yake ina mkataba wa 287(g) wa kushirikiana na watu wa uhamiaji au anataka kuuingia, ni hiari yake, na kwa familia zetu zenye watu wa makaratasi tofauti tofauti hilo ni kubwa kuliko picha yake na farasi. Pia mjue hakuna duru ya pili, wakiwa wanne mtu anachukua kiti na theluthi ya kura, kwa hiyo watu wa shifti yenu peke yao wanaweza kugeuza matokeo.

Baharia_Mstaafu:
Tahadhari kwa wasomaji wengine, mwenye grini kadi (kibali cha kuishi, bado sio raia) HAPIGI kura, hata ya sherifu, hata kama karani kakupa fomu kwa kutokujua. Ukipiga ni kosa la jinai na unaweza kurudishwa kwenu.

Kuhusu kumfukuza, gavana sio bosi wake. 2024 sherifu wa Letcher County alishtakiwa kumuua hakimu kwa risasi ofisini kwa hakimu huyo, bado gavana ilibidi amtake ajiuzulu la sivyo waanzishe utaratibu wa kumwondoa, ndo akaachia. Kiti kikibaki wazi mkuu wa kaunti ndo anateua wa kushikilia. Na katiba ya jimbo haidai awe amewahi kuwa polisi, inadai miaka 24, miwili ya kukaa Kentucky na mmoja kwenye kaunti. Kwa hiyo someni CV zao jamani.

MtuWaKagera:
Asanteni sana wakuu. Mke wangu akibadili sasa hivi kuna faida yoyote? Na mimi Jumanne ya kura niko shifti ya saa kumi na mbili asubuhi.

Nyamweya_KY:
Abadili tu, haitamsaidia Mei hii lakini mchujo wa ugavana ni 2027 na atakuwa ndani. Ila abadilishe na anwani pia, bado anasomeka Lexington. Wewe nenda kura ya mapema, Alhamisi mpaka Jumamosi kabla ya ile Jumanne, beba leseni, vituo uliza ofisi ya karani wa kaunti.