Katua kikombe cha chai juu ya transkripti yangu ya fizikia!

Nguvu_Uvutano:
Wakuu, naandika nikiwa stendi, mikono bado inatetemeka. Yule mzee wa dirisha la uzamili mnamjua. Yule miwani iko kwenye paji la uso siku zote, macho hayajawahi kuiona. Leo imekuwa zamu yangu.

Nimepanda basi usiku kucha, bahasha nimeikumbatia kama kichanga. Ndani kuna transkripti, vyeti, nakala zenye muhuri wa wakili, na barua mbili za walimu wangu. Moja nimeisotea wiki sita. Mfumo wa maombi umegoma kupokea faili, ukaniandikia "fika ofisini". Nimefika.

Kaipokea transkripti, ile halisi, siyo nakala. Hajaisoma. Kailaza mezani, KATUA KIKOMBE CHA CHAI JUU YAKE. Chai ya rangi, imejaa pomoni. Ndipo anauliza: "Fizikia? Si una BSc Ed wewe, shahada ya ualimu wa sayansi? Nenda kafundishe."

Miaka mitatu! Kwantamu mekaniki nina A. Siku ya mtihani ule tulitoka chumbani kama tunatoka kuzika. Alipoinua kikombe, duara la kahawia lilikuwa limeizunguka A ileile. Nikamwambia, "Mzee, hicho ni cheti changu." Akapuliza, akanywa, akakirudisha. Palepale!

Tangazo lao wenyewe linataka shahada yenye fizikia na GPA isiyopungua 2.7. Mimi nina 4.1. Hakuna palipoandikwa walimu wasije. Shuleni ninapojitolea, fizikia kidato cha 1 mpaka cha 4 naibeba peke yangu. Nimeomba kusoma, sijaomba shamba la babu yake.

Chai yenyewe ya tangawizi. Bahasha nzima inanuka tangawizi mpaka sasa.

Mama_Sigma:
Huyo huyo! Fomu yangu aliidondoshea mafuta ya kitumbua. Afadhali yako chai inakauka.

Dereva_wa_Elektroni:
A ya kwantamu, halafu umeshindwa kukokotoa kikombe kitatua wapi? 😂😂

Nguvu_Uvutano:
Mkuu, sicheki. Transkripti mpya nailipia mimi na kuisubiri ni mimi. Na kikombe alikirudisha MARA YA PILI, nikiwa nimeshamwambia!

Mswahili_wa_Kigali:
Achana naye, omba kwingine. Huku Kigali kuna EAIFR, taasisi ya utafiti wa fizikia ya Afrika Mashariki, inashirikiana na ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia kule Trieste, Italia, na masta ya fizikia ipo. ICTP yenyewe ina diploma ya mwaka mmoja kwa watu wa nchi zetu, gharama wanabeba wao. Aliyeianzisha mwaka 1964 ni Abdus Salam, Mpakistani aliyekuja kupata Nobeli 1979. Alirudi kwao Lahore kufundisha, akakosa hata wa kujadiliana naye fizikia. Machungu yako aliyajua.

Nguvu_Uvutano:
Asante mkuu, nitaomba. Lakini wataipokea yenye duara la chai?

Kidato_cha_Tano_B:
Chai si kitu, barua za mapendekezo ndiyo ugonjwa. Profesa kaniambia "andika mwenyewe nije nisaini". Nikajisifia kurasa mbili, akafuta moja na nusu.

Mama_Sigma:
Wako kafuta, maana yake kasoma. Wangu ni "nipigie kesho" tangu Machi, na maombi yamefungwa jana.

Bosi_wa_Foleni:
Mimi kontroo namba ya malipo imeisha muda nikiwa nimesimama kwa wakala, mbele yangu kabaki mtu mmoja tu. Mmoja! Anatoa elfu mbili.

Nguvu_Uvutano:
Wakuu, turudi kwenye kikombe.

Dereva_wa_Elektroni:
Hivi chai ya kantini pale bado mia tano?

Bosi_wa_Foleni:
Mia tano ya lini? Elfu moja, na sukari unapimiwa.

Mama_Sigma:
Vitumbua je? Siku hizi vidogo kama gololi, na katikati vibichi.