Nimepanda daraja na ofisini kila mtu anaongeza mkopo. Nitabakije nilipo bila kuonekana mnyonge?

Mwl_wa_Baridi:
Wakuu salaam. Nafundisha Baiolojia na Kemia sekondari ya kata, mkoani Njombe. Barua ya kupanda daraja imetoka na mshahara mpya umeshasoma. Kabla sijamwambia hata mama yangu, ofisa mikopo wa benki alishapata namba yangu, na wiki ijayo anakuja shuleni na fomu. Ofisi nzima wameshapiga hesabu za top up, yaani kuongeza mkopo juu ya ule ambao hawajamaliza. Mmoja tayari ana gari, IST, mwingine ya kwake iko njiani kutoka Dar.

Mimi sina deni lolote zaidi ya Bodi ya Mikopo, wanaokata asilimia 15 yao kila mwezi. Tunaishi chumba na sebule, shule naenda kwa miguu. Mume wangu ni seremala, mtoto yuko darasa la pili. Tunakula vizuri, tunalala vizuri. Kusema kweli sioni ninachokosa, mpaka nifike ofisini. Hapo naambiwa naishi kama mwanachuo aliyekuja mazoezi ya kufundisha. Nikicheka nao, jioni najikuta naangalia bei za magari kwenye simu.

Nataka hii nyongeza inijengee kesho yangu, isiishie kwenye makato. Waliofanikiwa kuridhika na walichonacho, mlifanyaje mbele ya watu mnaokaa nao kila siku?

Kijana_Makambako:
Mwalimu chukua huo mkopo. Kiwanja cha milioni tatu leo, miaka miwili mbele ni milioni sita. Kuridhika ni neno la watu walioshindwa.

Mama_Gangilonga:
Hongera mwanangu. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, Iringa. Swali lako nimelisikia ofisini miaka mingi, na mara nyingi aliyelijibu alikuwa ofisa mikopo.

Tuanze na hesabu, maana kuridhika bila hesabu hakufiki chai ya saa nne. Chukulia mkopo wa milioni 10, riba asilimia 15 kwa mwaka inayopungua na deni, miaka sita. Rejesho ni kama 211,000 kwa mwezi, na mpaka unamaliza umetoa milioni 15.2. Hilo ofisa atakuonyesha ukimuuliza. Lakini tazama katikati. Ukilipa miaka miwili umeshatoa zaidi ya milioni 5, na deni limeshuka kwa milioni 2.4 tu, kwa sababu rejesho za mwanzo sehemu kubwa ni riba. Hapo ndipo anarudi na fomu ya top up, tena anatabasamu. Unasaini, saa inaanza upya kwenye miaka sita. Nimefanya kazi na walimu walioingia kwenye huo mzunguko wakiwa vijana wakatoka nao siku ya kustaafu. Mshahara wao ulibaki ile theluthi moja ambayo kanuni inakataza kuguswa, na hiyo theluthi nayo ilikuwa na mwenyewe kwa wale wa kausha damu, wakopeshaji wa mtaani wenye riba kali.

Sasa ofisini. Ofisi ya walimu ni soko, mwanangu. Anakuja wa vitenge, anakuja wa vyombo, anakuja wa viatu, wote wanaacha mzigo kwa mali kauli, utalipa mwisho wa mwezi. Mimi sikuwahi kugombana na mtu. Nilikuwa na kauli moja: nanunua kwa taslimu. Kitenge nilikipenda, nikakishika, nikakisifia, nikasema nikipata taslimu nitakutafuta. Ajabu ni kwamba vingi nilivyovipenda saa nne, saa nane nilikuwa sivikumbuki rangi. Vichache niliviendea na hela mkononi, na hivyo nilivivaa mpaka vikapauka.

Michango nayo usiifanyie ubahili, utaishi peke yako. Januari nilikuwa napanga fungu la mwaka mzima la harusi, send-off, misiba na ubarikio. Misiba inatoka kwanza, haina mjadala. Harusi zinagawana kinachobaki. Fungu likiisha Septemba, nakwenda kuosha vyombo na kukata vitunguu, na hakuna aliyewahi kunifukuza jikoni.

Tena usidhani kuridhika ni kujinyima. Kwangu chai ilikuwa ya maziwa, majani mazuri ya Mufindi, kila siku ya Mungu. Viatu nilinunua vya ngozi, fundi akabadilisha soli mara nyingi nisizokumbuka. Makochi nilibadilisha kitambaa, mbao zilikuwa za mninga, kwa nini ninunue mapya ya mbao laini? Unachokitunza unaendelea kukipenda. Kinachokaa na vumbi na mguu mmoja umelegea ndicho kinachokupeleka dukani.

La mwisho ndilo muhimu kuliko yote. Hiyo nyongeza ipe kazi mwezi huu huu, kabla tumbo halijaizoea. Toa maelekezo benki, mshahara ukiingia tu, tofauti kati ya mshahara wa zamani na mpya iende pengine. Mimi nilitumia UTT AMIS, mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya serikali. Nilianza na Mfuko wa Umoja ulipoanzishwa 2005, baadaye nikaweka za dharura kwenye mfuko wao mwingine, Ukwasi, kwa kuwa ukiomba kutoa unapata ndani ya siku chache za kazi. Zile siku chache zenyewe zimeniokoa na mengi. Hela iliyo kwenye simu inatoka kabla hujafikiri.

Usiseme PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, watanitosha. Mwaka 2018 kanuni ilitaja mkupuo, yaani sehemu ya mafao unayopewa kwa mara moja ukistaafu, wa asilimia 25, watu wakalia, Rais Magufuli akaisitisha Desemba mwaka huo. Ikaja 33, kisha bajeti ya 2024/25 ikatupandisha watumishi wa umma hadi 40. Tunashukuru. Lakini ona namba inavyobadilika wakati wewe bado uko darasani na chaki.

Fundi_Mkolani:
Mama nakuheshimu sana, ila hapa kuna upande mmoja. Kodi ya nyumba nayo ni rejesho, tena haliishi. Mwenye nyumba hajawahi kuambiwa aridhike. Mwalimu akikaa miaka 30 kwenye chumba na sebule kwa jina la kuridhika, atastaafu na vyeti vyake na masanduku tu.

Mama_Gangilonga:
Fundi, umesema kweli, na mume wa mwalimu ni seremala, milango na madirisha tayari wanayo. Sijakataa mkopo wa nyumba. Nakataa mkopo unaokuja kwanza halafu ndipo unatafutiwa kazi. Kama kiwanja kimelipiwa, msingi umejengwa kwa akiba na fundi ameandika mahitaji ya kupaua, akope hayo tu, kwa muda mfupi anaouweza. Ile milioni 10, kwa riba ileile, ukilipa miaka mitatu riba yote ni kama milioni 2.5, kwa miaka sita ni milioni 5.2. Ofisa atakusukumia miaka sita kwa sababu rejesho linaonekana dogo. Muulize jumla, usimuulize rejesho.

Kijana_Makambako:
Hiyo ya kuuliza jumla sikuwahi kuifikiria. Na mimi nina mkopo wa bodaboda hapa, ngoja nikaangalie karatasi.

Mwl_wa_Baridi:
Shikamoo mama, na asanteni wote. Naleta mrejesho.

Ofisa alikuja. Nilimuuliza jumla, akanipa rejesho. Nikauliza tena jumla, akasema atanitumia kwa WhatsApp. Mpaka leo sijaiona. Wenzangu watano walisaini siku hiyo.

Mimi na mume wangu tumekaa na daftari. Tofauti ya mshahara yote inakwenda UTT, benki wameshaweka maelekezo. Kule kufungua nilitakiwa namba ya NIDA na akaunti ya benki basi. Mwaka ukiisha tutaangalia kiwanja, na tumekubaliana mkopo hautajwi mpaka msingi uwe juu ya ardhi. Yeye ameanza kuweka pembeni mbao za milango, moja moja, kutoka kazi anazopata.

Gari limeacha kuniumiza kichwa, hasa baada ya mwenye IST kuniomba elfu ishirini ya mafuta. Nilimpa kumi. Ila mali kauli ngumu mama! Dada wa vitenge ameniambia nimekuwa na maringo tangu nipande daraja, eti zamani nilikuwa namuunga mkono. Na kuna send-off ya mwenzetu mwezi ujao, sare elfu 65. Mchango nimetoa, sare sijachukua. Nitavaa kile cha Pasaka, na nimeshajiandikisha upande wa jikoni.

Mama_Gangilonga:
Marahaba mwanangu. Dada wa vitenge mnunulie kimoja Desemba kwa taslimu, mbele ya watu, maneno yataisha. Jikoni nenda na kisu chako mwenyewe, vya kamati havikati.