Vitz inatoa mlio baada ya kugonga kisiki: naombeni ushauri kabla injini haijafunguliwa

Bi Hesabu, Wete

Assalaamu alaykum ndugu zangu. Naomba ushauri wenu juu ya gari yangu, Toyota Vitz ya mwaka 2006 yenye injini ndogo ya pistoni tatu, ambayo imeanza kutoa mlio nisioujua tangu nilipopata ajali ndogo Alkhamisi iliyopita.

Nilikuwa natoka skuli kurudi nyumbani, na mbele yangu karafuu zilikuwa zimeanikwa kwenye majamvi yaliyofika mpaka ukingoni mwa lami, kama ilivyo kawaida yetu msimu huu. Mzee aliyekuwa akizigeuza alirudi nyuma hatua mbili bila ya kutazama, nikamkwepa, gari ikatoka barabarani na kugonga kisiki cha mnazi. Mwendo haukufika kilomita 20 kwa saa na alhamdulillahi hakuna aliyeumia. Hata karafuu hazikumwagika. Bampa limepasuka kwa chini na sahani ya namba imepinda, lakini boneti linafunguka na kufungika bila ya tabu, na gari iliwaka papo hapo.

Mlio ulianza siku ya pili yake, nikiwa njiani kwenda Chake Chake. Mwanzoni gari ilikuwa kimya kabisa, lakini nilipofika kwenye vilima nikasikia "trrrrr", mfano wa mtoto anayeshikiza kijiti kwenye spoku za tairi la baiskeli linalozunguka. Ulidumu kama dakika moja, ukanyamaza wenyewe, kisha baada ya muda ukarudi. Hata nikiwa nimesimama na injini inawaka, unakuja. Taa ya oili haijawaka, wala ile taa nyekundu ya joto.

Fundi wa kwanza niliyempelekea alisikiliza kwa muda usiozidi dakika mbili, akamwambia kaka yangu (mimi nimesimama hapo hapo, na gari ni yangu) kwamba injini inagonga, beringi za konrodi (zile zinazobeba mikono inayoziunganisha pistoni na shafti ya injini) zimekwisha, na afadhali tutafute injini ya mtumba kutoka Unguja. Kwa mshahara wa ualimu hilo si jambo la kulijibu haraka. Je, kugonga kisiki kwa mwendo huo kunaweza kuua beringi za ndani ya injini? Na kuna lolote ninaloweza kulitazama mwenyewe kabla ya injini kufunguliwa?

Mkaazi wa Konde

Pole sana dada. Mimi nisingemdharau fundi huyo, kwa sababu jirani yangu alipuuza mlio kama huo katika gari ya abiria, akaendelea kubeba watu wiki nzima, na mwisho konrodi ikatoboa ubavu wa injini akiwa njiani. Iegesheni gari hiyo mpaka ifunguliwe. Na kama una bima kubwa, piga picha za bampa na uwaarifu wenye bima kabla ya mtu kufungua hata skrubu moja. Bima ndogo haikulipii gari yako mwenyewe.

Fundi wa Gombani

Bi Hesabu, pole kwa mkasa. Ninafanya kazi hii mwaka wa 19 sasa, na kabla ya kuuliza mlio unatoka wapi, huuliza kwanza unakuja lini na unaondoka lini. Hayo umeyaeleza vizuri kuliko wateja wengi wanaofika gereji wakisema tu "gari inalia".

Beringi ya konrodi iliyolika hugonga kwa mdundo mzito unaofuata mzunguko wa injini: ukikanyaga mafuta mdundo unaharakisha, ukiachia unapungua, na gari inapopanda kilima na mzigo wake ndipo unaposikika zaidi. Hauna desturi ya kupumzika na kurudi hali injini inaendelea kuwaka vile vile. Tena beringi hizo hufa kwa kukosa oili au kwa oili iliyochakaa. Kisiki hakiwezi kuzifikia isipokuwa kiwe kimeharibu sampu, lile karai la oili lililo chini ya injini.

Mlio unaosubiri gari ipate joto, ukadumu dakika moja, ukanyamaza bila ya wewe kugusa chochote, na usiojali kama gari inakwenda au imesimama, unanielekeza kwenye feni ya rejeta, yaani kile kipoza maji ya injini kilicho mbele ya gari. Feni hiyo inaendeshwa kwa umeme, na gari huiwasha yenyewe maji ya injini yanapopita nyuzi joto 90 na kitu, kisha huizima yanapopoa. Kwenye barabara tambarare upepo wa mwendo husaidia kuipoza rejeta na feni huenda isiwake kabisa. Kwenye vilima injini inafanya kazi kubwa na gari inakwenda polepole, kwa hivyo feni huitwa kazini. Kisiki kikiusukuma nyuma ule mhimili wa chini unaoishika rejeta, kava la plastiki linaloizunguka feni hupinda na mapanga yakaanza kulikwaruza.

Kesho asubuhi, injini ikiwa baridi, fungua boneti, washa gari bila ya kiyoyozi na usikilize. Kisha mtu aliye ndani awashe kiyoyozi, kwa kuwa kikiwaka feni nayo huwaka hata kama maji ni baridi. Ukisikia mlio wako, usiishie hapo, maana kompresa ya kiyoyozi (pampu inayosukuma gesi yake) nayo imeingia kazini wakati huo huo. Mwambie akanyage mafuta kidogo. Kompresa huzungushwa na mkanda wa injini (ule tunaouita fen belti, ingawa katika gari hii hauzungushi feni yoyote), kwa hivyo mlio wake utapanda na kushuka pamoja na injini. Mlio wa feni utabaki na mwendo wake ule ule.

Mlio ukiwa ni wa feni, zima gari, toa ufunguo, ondoa waya wa hasi kwenye betri, ndipo uyazungushe mapanga kwa kidole. Usitie mkono pale kabla ya kuondoa waya, kwa sababu feni inaweza kuwaka yenyewe, na mfuniko wa rejeta usiuguse gari ikiwa moto.

Nahodha wa Mkoani

Nakubaliana na fundi, ila kwa kuwa kisiki hupiga kwa chini, ningetazama na sampu. Usitazame kutoboka tu, maana tundu huonekana kwa oili kudondoka chini. Sampu iliyobonyea kwa ndani bila ya kutoboka ndiyo inayodanganya watu: chujio linalofyonza oili limekaa karibu sana na sakafu yake, na likibanwa, oili haifiki juu kwa kiasi kinachotakiwa. Hapo ndipo beringi zingeweza kuumia kweli.

Pimeni oili gari ikiwa mahali tambarare na injini imezimwa dakika chache, kisha muipandishe kwenye shimo la mafundi mtazame kwa tochi. Msiingie chini ya gari iliyosimama kwa jeki peke yake.

Bi Hesabu, Wete

Nimerudi na matokeo, na samahanini kwa kuchelewa, tulikuwa na mitihani.

Asubuhi injini ilikuwa kimya. Kaka alipowasha kiyoyozi nikasikia "tak" moja ndogo, feni ikaanza kuzunguka, na "trrrrr" ikaja pamoja nayo. Alipokanyaga mafuta injini ilipandisha sauti, lakini ule mlio haukubadilika hata kidogo. Tukazima gari na kuondoa waya wa betri, nikalisukuma panga moja kwa penseli. Lilipita vizuri mpaka lilipofika chini, mahali ambapo kwenye saa pangekuwa na mshale wa saa kumi na mbili, likakwama kidogo na kukwaruza. Juu ya kava kuna alama nyeupe iliyopinda kama kucha, na chini yake kumejikusanya unga mweusi wa plastiki, mlaini kama masizi ya chungu. Mhimili wa rejeta umerudi nyuma kiasi cha unene wa kidole. Oili iko baina ya alama mbili, na sampu ni kavu na haina mbonyeo.

Sasa nimepata maneno mawili tofauti. Kijana mmoja yuko tayari kulikata kava kwa msumeno pale linapogusa, kwa shilingi 5,000. Fundi wa bodi anataka 40,000 kuunyoosha mhimili. Je, kukata kuna ubaya wowote?

Fundi wa Gombani

Ubaya upo. Kava lile ndilo linaloifanya feni ivute hewa kupitia rejeta nzima. Ukilikata, feni itavuta hewa ya kando iliyokwisha kupata moto, na injini itapoa kwa shida siku ya jua kali ukiwa kwenye foleni. Tena mhimili utabaki umepinda na rejeta inaendelea kukazwa pembeni, ambako matangi yake ya plastiki huja kupasuka baadaye. Mpe fundi wa bodi kazi hiyo. Kabla hajavuta, muombe afungue boliti za rejeta ili isivutwe pamoja na chuma, na mtazame kondensa, kile kipoza gesi ya kiyoyozi kilicho mbele ya rejeta: ukiona doa la mafuta mafuta, gesi inavuja, kwa sababu hutoka pamoja na oili ya kompresa.

Mkaazi wa Konde

Nimefunzika. Ya jirani yangu ilikuwa kesi nyengine, na naona mlio wake ulikuwa mzito zaidi kuliko huu. Nisamehe kwa kukutia hofu.

Bi Hesabu, Wete

Hakuna ubaya ndugu yangu, hofu ilikuwepo kabla yako.

Kazi imefanyika jana. Fundi alifungua boliti za rejeta, akafunga mnyororo kwenye mhimili na upande wa pili kwenye shina la mwembe, kisha akairudisha gari nyuma taratibu, kidogo kidogo, akishuka kila mara kupima kwa kipande cha ubao. Kondensa haina doa. Penseli yangu sasa inapita baina ya panga na kava kote bila ya kugusa, na leo nimekwenda Chake Chake na kurudi bila ya kusikia "trrrrr".

Ila kwa kuwa gari imenyamaza, nimeanza kusikia kitu chengine: nikitia gia ya kurudi nyuma, panapiga "du" moja kwa chini. Sijui kama kilikuwepo zamani.

Fundi wa Gombani

Huo nauelekeza kwenye mauntini, zile raba zinazoishika injini. Injini ya pistoni tatu hutikisika zaidi kwa asili yake, kwa hivyo usihukumu kwa mtikisiko peke yake. Vuta breki ya mkono, kanyaga breki ya mguu kwa nguvu, badilisha gia kutoka D (ya kwenda mbele) kwenda R (ya kurudi nyuma), na mtu asimame ubavuni mwa gari, asiwe mbele wala nyuma, akiitazama injini. Ikiinama kidogo na kurudi, ni kawaida. Ikiruka, tafuteni raba iliyopasuka, mkianza na ya upande wa kulia. Ukiagiza nyengine Unguja, tuma picha yake pamoja na namba ya chesisi, kwa sababu Vitz za mwaka wako zilitoka na injini zaidi ya aina moja.

Bi Hesabu, Wete

Tutafanya hivyo Jumamosi. Breki nitakanyaga mimi, na kaka ndiye atakayesimama ubavuni.