Poka: nina jozi ya Mfalme kwenye karata ya tano, niweke dau au nicheki?

Swali
Wakuu, ni Texas Hold'em isiyo na kikomo cha dau (kila mtu ana karata mbili mkononi, tano za mezani ni za wote). Nimeshika Mfalme na 10, zote shupaza, na mimi ndiye wa mwisho kuamua. Mezani: Mfalme wa kopa, 8 ya maua, 4 ya uru, 2 ya shupaza, 2 ya maua. Mpinzani yuko blaindi kubwa (nafasi inayolazimika kuweka dau kabla ya karata). Karata tatu za kwanza alilipa dau langu, ya nne tukacheki wote (tukapita bila kuweka dau), ya tano amecheki tena. Poti, yaani dau zote zilizo mezani, ni chipu 100. Dau la faida ndogo kama hili, la kutaka nilipwe na karata dhaifu kidogo kuliko zangu, linafaa lini?

Jibu
Mkuu, swali si kama unaongoza. Swali ni hili: akilipa, utashinda zaidi ya nusu? Akitupa, kwa kawaida anatupa karata ambazo ulikuwa unazishinda hata ukicheki.

Tuhesabu michanganyiko, yaani njia ambazo mpinzani anaweza kushika kila jozi ya karata mbili. Wafalme wamebaki wawili, 8 zimebaki tatu. Tuchukulie kwamba mwenye Ree-Mfalme angeshapandisha (kuongeza dau) mapema.

Zinazokushinda: Mfalme-Malkia 8, Mfalme-Jeki 8, Mfalme-8 6, jozi ya 8 mkononi 3, jozi ya 4 mkononi 3, Ree-2 za aina moja 2. Jumla 30. Unazozishinda: Mfalme-9 8, Ree-8 12, 9-8 12, 10-8 9. Jumla 41. Mfalme-10 ni sare, 6.

Ukiweka 40 na zote zikalipa, kila akilipa unapata wastani wa 40 × 11 ÷ 77, karibu chipu 5.7 (11 ni 41 toa 30, 77 ni zote pamoja na sare). Sasa weka 75: 9-8 na 10-8 anazitupa. Zinabaki 20 dhidi ya 30, na kila akilipa unapoteza wastani wa chipu 13. Mkono ni uleule, kosa liko kwenye ukubwa wa dau. Hapa ndipo wengi huumia.

Muulizaji
Na akinipandishia?

Jibu
Tupa, isipokuwa unajua anapenda kutishia, yaani kuweka dau kubwa akiwa na karata dhaifu. Wachezaji wengi wa meza ndogo hawapandishi karata ya tano kwa jozi moja. Ukitupa unapoteza 40 zilezile, na hesabu ya juu haibadiliki. Ukilipa kwa hasira, faida yote imekwenda.

Jibu
Naongeza mawili. Nyumba (wenye meza) ikikata asilimia 5 ya poti bila kikomo, dau la 40 likilipwa linakuletea 36 tu ukishinda, kwa hiyo nusu haitoshi, unahitaji karibu asilimia 52.6. Kama makato yameshafika kikomo, usiyahesabu.

La pili, kanuni ya nusu ni ya anayeamua mwisho. Ukiwa wa kwanza, kucheki hakufungi mchezo: mwenzako anaweza kuweka 75 ukalazimika kulipa. Hapo dau la robo ya poti linaweza kufaa hata ukishinda chini ya nusu, kwa sababu mara nyingi linakuepusha na bei kubwa zaidi. Ila kama anapenda kutishia ukicheki, mwachie nafasi aweke yeye.