Chati ya duara kwa data za saa 24: R, Stata, Python au Excel?

Nalongo_Masaka
Habari zenu wana takwimu. Nimenakili kutoka daftari la mapokezi la kituo kimoja cha afya saa walizofikishwa majeruhi wa ajali za bodaboda kwa miaka miwili. Safu ninayoihangaikia ni moja tu, saa, kuanzia 0 mpaka 23. Nikichora histogramu ya kawaida, kilele cha usiku kinakatika vipande viwili. Nusu inabaki kulia kabisa kwenye 22 na 23, nusu nyingine inaanguka kushoto kwenye 0 na 1, na anayeitazama hajui kwamba ni usiku uleule. Kwa hiyo nataka histogramu iliyokunjwa kuwa duara, kama uso wa saa. Programu za takwimu nilizonazo ni Stata ya ofisini na R kwenye kompyuta yangu, na mwanangu ananisukuma nijifunze lugha ya Python. Mwenye kuzijua zote anilinganishie. Watakaoitazama ni viongozi wa wilaya, si wanatakwimu.

Takwimu_Arua
Nalongo, shika R na ggplot2, kifurushi chake cha kuchora chati. Unachora histogramu kama kawaida, kisha unaongeza `coord_polar()` nayo inajikunja kuwa duara. Inaanzia juu na kuzunguka kama mshale wa saa bila kuambiwa. Weka `geom_histogram(binwidth = 1, boundary = 0, closed = "left")` na mhimili wa saa uwe na mipaka ya 0 na 24. Kila saa itachukua nyuzi 15, na kipande cha saa sifuri kitaanza pale pale kwenye mstari wa usiku wa manane.

Hilo la mwisho wengi hulikosea. Wakitumia `geom_bar`, kipande cha 0 kinakaa katikati ya namba yake, yaani kuanzia 23:30 hadi 0:30, wakati mgonjwa aliyeandikwa 0 alifika kati ya 0:00 na 0:59. Chati nzima inakuwa imezungushwa nusu saa.

Fundi_Jinja
Mimi ni mtu wa Python, ila nitasema ukweli. matplotlib, kifurushi cha Python cha kuchora, inachora duara zuri ukitumia `projection="polar"`, lakini inafuata desturi ya hisabati: sifuri iko kulia na mzunguko unakwenda kinyume cha saa. Usipoandika `set_theta_zero_location("N")` na `set_theta_direction(-1)`, asubuhi yako itatokea upande wa jioni, na chati itapendeza macho hivyo hivyo huku ikidanganya. Tena inataka pembe kwa radiani, si saa. Kama lengo ni chati hii moja, usihamie Python kwa ajili yake.

Stata haina chati ya duara ya namna hii ndani yake. Kuna amri za Nicholas Cox, unazipata kwa `ssc install circstat`. Zinataka nyuzi, kwa hiyo zidisha saa kwa 15 kwanza. Kwa kukokotoa ni nzuri sana. Kwa kumpendeza kiongozi, hapana.

Ssalongo_Kampala
Na Excel je? Wilayani wote wanayo.

Fundi_Jinja
Ssalongo, chati ya rada ya Excel inaunganisha nukta kwa mistari, haina vipande. Ukiwa na saa yenye majeruhi wengi kati ya mbili tupu, unapata mwiba. Siipendekezi.

Mwalimu_Mbarara
Jamani, hamjagusa jambo linalonikosesha usingizi. Jicho linasoma eneo la kipande, si urefu wake. Saa yenye majeruhi 20 ikichorwa kwa urefu mara mbili ya saa yenye 10, eneo lake linakuwa mara nne. Kiongozi ataondoka akiamini hatari ni mara nne. Dawa ni kipeuo cha pili: kwenye ggplot2 ongeza `scale_y_sqrt()`. Kifurushi cha circular cha R kinafanya hivyo chenyewe katika `rose.diag`. Lakini Nalongo, ukitumia kipeuo usirundike wanaume na wanawake katika kipande kimoja, kwa sababu vipeuo vikijumlishwa havileti jumla ya kweli. Chora duara mbili.

La pili ni wastani. Mgonjwa wa 23:00 na wa 1:00, wastani wa kawaida unakupa saa sita mchana, wakati wote wawili walikuja usiku! circular inakupa usiku wa manane, ukiieleza `units = "hours"` na `template = "clock24"`. Ila kama ajali zako zina vilele viwili, watu wakienda kazini na wakirudi, usitoe wastani wowote. Kilele cha 7 na cha 19 vikilingana vinafutana kabisa, na hata kipimo cha Rayleigh, kinachopima kama saa zimekusanyika upande mmoja wa duara, kinaweza kukuambia hakuna mpangilio wakati upo mbele ya macho yako.

Takwimu_Arua
Nakubali kuhusu eneo, mwalimu. Niongeze kwamba sisi tulio karibu na ikweta tuna bahati: jua linachomoza na kuzama karibu saa ileile mwaka mzima. Nalongo anaweza kutia kivuli kuanzia 19 hadi 7 na kikafaa kwa Januari na kwa Julai.

Mzee_Gulu
Binti yangu, kabla ya programu yoyote, nani aliandika saa kwenye daftari? Mimi nimekaa mapokezi miaka mingi. Muuguzi mmoja anaandika 20:00, mwenzake wa zamu inayofuata anaandika saa 2 usiku, na Mganda akisema ssaawa bbiri naye anahesabu vilevile. Aliyenakili akiona 2 anaingiza 2. Tazama kama duara lako lina nundu kwenye namba 2 na 3, yaani usiku mkubwa, wakati hakuna abiria barabarani.

Nalongo_Masaka
Mzee, umenishtua. Nundu ipo, na nilikwisha kuiandikia aya nzima kuhusu walevi wanaotoka baa. Leo nimerudi kwenye daftari. Kurasa za zamu moja zimeandikwa kwa wino wa kijani, na pembeni ya namba kuna herufi ndogo "us" ambayo sikuwa nimeinakili. Saa 2 usiku. Yaani 20:00.

Nimeongeza safu ya kipindi na kusahihisha zilizoandikwa kwa saa zetu: za mchana nimejumlisha 6, za usiku 18, ikizidi 23 natoa 24. Nundu imehama, imeungana na kilele cha jioni. Nimebaki na ggplot2 yenye kipeuo, na pembezoni nimeandika saa zetu: juu saa 6 usiku, kulia saa 12 asubuhi, chini saa 6 mchana, kushoto saa 12 jioni. Ile aya nimeifuta. Wastani sitoi.

Mzee_Gulu
Vizuri. Angalia tena zile za saa 12 asubuhi. Zinaitwa asubuhi lakini zinajumlishwa 18 kama za usiku. Ukijumlisha 6 zitakwenda jioni.

Nalongo_Masaka
Zilikuwa zimekwenda jioni. Asante, mzee. Nachora upya sasa hivi.