Naomba ushauri: watoto wanasimulia vizuri, lakini kuandika kunawashinda

Ndugu wanachama, ninafundisha watoto wa miaka 7 na 8, na kwa muda sasa nimekuwa nikitumia ngano za wanyama kuwazoeza kusimulia na kuandika. Nikisema "Paukwa!" wote huitikia "Pakawa!", na mtoto anayesimama kueleza jinsi Sungura alivyomlaghai Fisi hubadilisha sauti, hunyata, hata huimba kibwagizo ili wenzake wapokee. Tatizo huanza tunapofungua madaftari: msimulizi yuleyule huandika "Sungura alikuwa mjanja. Fisi alikufa. Mwisho," na uhai wote wa hadithi hupotea.

Nimejaribu kuwachoresha matukio manne kwanza, kisha waandike sentensi chini ya kila picha. Mpangilio umekuwa bora, ila mazungumzo ya wahusika bado hayaonekani. Je, niandike mimi kama wanavyosimulia, kisha tusome pamoja, au nitakuwa ninawanyima mazoezi? Makosa ya tahajia niyasahihishe lini, ikiwa wino mwekundu wa mapema (nakiri nimewahi kuutumia) huwafanya waandike kidogo zaidi? Na mtoto akiugeuza mwisho, Fisi akashinda, nimwache? Binafsi naelekea kumwacha, lakini ningependa kusikia kutoka kwa waliowahi kujaribu.